Maisha ya Daktari Robert Koch

Kila mwanafunzi wa elimu ya viumbe amepata kulisikia jina la Daktari Robert Koch, maana ndiye aliyekigundua kijidudu cha kifua kikuu. Lakini ni wachache wajuao kwamba bwana huyu mashuhuri aliishi zaidi ya mwaka mzima katika visiwa vya Sese, ndani ya Ziwa Viktoria, katika nchi yetu hii ya Uganda, akiwatibu wagonjwa wa malale. Tena ni wachache wajuao kwamba tauni iliyokuwa ikiua watu huko Kiziba, karibu na mpaka wetu wa kusini, aliitambua yeye. Kwa hiyo maisha yake si habari za Ulaya peke yake. Ni habari zetu sisi pia tulio hapa Masha, Mbarara na Nakivale, na ndani yake mna jambo la kumfaa kila mwenye kutaka elimu.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji mdogo wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, nchi ya Ujerumani. Mji ule ulikuwa mji wa machimbo ya madini, na baba yake alikuwa na cheo kazini huko. Wazazi wake walijaliwa watoto 13. Husimuliwa kwamba Robert alipokuwa na umri wa miaka 5 aliwashangaza wazazi wake kwa kusoma, kumbe alikuwa amejifundisha mwenyewe kwa kutazama magazeti ya nyumbani. Alipenda kukusanya mimea, wadudu na mawe, na moyoni alitamani sana kusafiri katika nchi za mbali.

Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen, akasoma uganga, akafaulu mwaka 1866. Mmoja wa walimu wake alikuwa Profesa Jacob Henle, ambaye tangu mwaka 1840 alikuwa amekwisha kuandika kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na vitu vyenye uhai, vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Watu wengi hawakusadiki maneno yale. Walifikiri magonjwa hutoka katika hewa mbaya, au katika udongo, au katika damu yenyewe kuharibika. Koch aliyatia maneno ya mwalimu wake moyoni, akanyamaza.

Mwaka 1867 alimwoa Bibi Emmy Fraatz, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wao wa pekee, binti aliyeitwa Gertrud. Hamu ya kusafiri baharini ikawekwa kando. Alifanya kazi huku na huku, akaenda vitani mwaka 1870 kuwatibu askari, na mwaka 1872 akapewa kazi ya uganga wa wilaya katika mji wa Wollstein, ambao siku hizi umo katika nchi ya Poland. Hapo alikuwa daktari wa shamba kabisa. Hakuwa na chuo, wala maktaba, wala mwenzake wa kujadiliana naye. Alichokuwa nacho ni hadubini, na sehemu ya chumba chake cha kutibia wagonjwa aliyoitenga kwa uchunguzi wake.

Katika wilaya ile kulikuwa na ugonjwa wa kimeta, ambao wafugaji wetu wa Ankole wanaujua vizuri. Ng'ombe na kondoo walikufa ghafula, na mara nyingine watu walioshika ngozi au kula nyama yao walikufa pia. Wataalamu waliotangulia walikuwa wameona katika damu ya mnyama aliyekufa vitu vidogo mfano wa vijiti. Lakini je, vijiti vile ndivyo vilivyoua, au vilizuka tu baada ya mnyama kufa? Hakuna aliyeweza kujibu. Na lilikuwapo fumbo jingine: malisho mengine yaliua ng'ombe mwaka baada ya mwaka, hata kama hapakuwa na mnyama mgonjwa aliyepita.

Koch alianza kazi bila ya vyombo vya maana. Alichonga vibanzi vya mti, akavichovya katika damu yenye kimeta, akawachoma panya. Panya wakafa, na damu yao ikajaa vijiti vile vile. Kisha akachukua majimaji safi ya jicho la ng'ombe, akatia ndani yake vijiti kidogo, akaviweka mahali pa joto, akavitazama saa baada ya saa. Akaona vijiti vikirefuka kuwa kama nyuzi, kisha ndani ya nyuzi zile vikatokea vitone vigumu kama mbegu. Mbegu zile zilistahimili ukavu na siku nyingi, na zilipopata tena joto na chakula zikaota kuwa vijiti. Basi fumbo la malisho likafumbuliwa: mbegu za kimeta hukaa katika udongo miaka mingi zikingoja. Ndiyo sababu hata leo mabwana mifugo huwakataza watu kumchuna ng'ombe aliyekufa kwa kimeta. Sharti achomwe moto au azikwe chini sana.

Mwaka 1876 Koch alifunga vyombo vyake, pamoja na panya wake, akaenda Breslau kwa Profesa Ferdinand Cohn, bingwa wa elimu ya vijidudu. Kwa muda wa siku 3 akawaonyesha maprofesa mambo yote kwa macho yao. Wakakubali. Kwa mara ya kwanza ugonjwa mmoja ulikuwa umefungwa na kijidudu kimoja kwa ushahidi usiopingika, na aliyefanya hivyo ni daktari wa mji mdogo asiyejulikana na mtu.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin kufanya kazi katika Idara ya Afya ya Serikali, akapewa chumba cha uchunguzi na wasaidizi. Hapo alitatua tatizo jingine lililowasumbua wataalamu wote. Vijidudu vikiwa katika maji huchanganyika, aina moja na nyingine, wala huwezi kuvitenga. Koch aliona kwamba kipande cha kiazi kilichochemshwa, kikiachwa wazi, huota madoadoa ya rangi mbalimbali, na kila doa ni ukoo wa kijidudu kimoja tu. Basi akatafuta kitu kigumu, chenye chakula, cha kuoteshea vijidudu. Alijaribu jelatini, lakini iliyeyuka kwa joto. Ndipo Bibi Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, aliposhauri itumiwe agari, jeli itokayo katika mwani wa baharini, ambayo yeye alikuwa akiitumia jikoni. Agari haikuyeyuka. Mwaka 1887 msaidizi mwingine, Julius Petri, alitengeneza kisahani chenye kifuniko, nacho chaitwa kwa jina lake mpaka leo. Mwanafunzi atakayeingia katika chumba cha uchunguzi wa vijidudu hapa Mbarara atavikuta vitu hivi viwili mezani: sahani ya bwana Petri na agari ya Bibi Hesse.

Kutokana na kazi hii ilipatikana sheria ambayo Koch na wasaidizi wake waliifuata, na ambayo wanafunzi wa uganga hujifunza mpaka sasa. Kwanza, kijidudu kionekane kwa kila mwenye ugonjwa ule. Pili, kitengwe na kuoteshwa peke yake, pasipo kingine. Tatu, kile kilichooteshwa kikitiwa katika mnyama mzima, kimletee ugonjwa ule ule. Nne, kitolewe tena katika mnyama yule, nacho kiwe ni kile kile cha kwanza. Masharti haya ni kama ya hakimu mwenye haki: hamhukumu mtu kwa sababu tu alionekana karibu na mahali pa wizi. Baadaye ilionekana kwamba yako magonjwa yasiyoweza kutimiza masharti yote manne, lakini nia ya sheria ile imebaki: usiseme kwamba jambo hili limeleta lile mpaka umethibitisha.

Kisha akakigeukia kifua kikuu. Siku zile ugonjwa huu ulikuwa ukiua Ulaya kuliko vita. Koch mwenyewe alikadiria kwamba katika kila watu 7 waliokufa, 1 aliuawa nao. Wengi walidhani ni ugonjwa wa kurithi, au wa udhaifu wa mwili. Kijidudu chake kilikuwa kigumu kuonekana, maana hakikubali rangi upesi. Koch alijaribu rangi moja baada ya nyingine mpaka vikaonekana vijiti vyembamba vya buluu. Kisha akataka kuviotesha. Siku zikapita, hakuna kitu. Mtu mwingine angalitupa sahani zake, lakini yeye alingoja, na katika juma la pili vitone vidogo vikaanza kuonekana. Akawachoma simbilisi, wanyama wadogo mfano wa sungura wa masikio mafupi, nao wakapata kifua kikuu.

Usiku wa tarehe 24 Machi 1882, katika chumba kidogo mjini Berlin, alisimama mbele ya wataalamu akaeleza kazi yake kwa sauti ya pole, bila ya madoido. Mezani alikuwa amepanga vielelezo zaidi ya 200. Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi wala aliyeuliza swali. Watu walikaa kimya, kisha wakaondoka mmoja mmoja kwenda kutazama katika hadubini. Hawakuwa na la kupinga. Tarehe ile sasa ndiyo Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Mwaka 1883 kipindupindu kilizuka Misri, na Koch akatumwa Iskandaria. Wafaransa nao walituma wataalamu wao, na mmoja wao, kijana Louis Thuillier, akafa kwa ugonjwa ule ule aliokuwa akiutafuta. Koch na wenzake walikwenda maziko yake kumpa heshima, ingawa mataifa yao yalikuwa hayapendani. Ugonjwa ulipopungua Misri alikwenda Calcutta, na huko mwaka 1884 akamaliza kazi: kijidudu kilichopinda kama mkato wa kalamu, kikaacho katika maji machafu. Mtaalamu mmoja wa Italia, Filippo Pacini, alikuwa amekwisha kukiona tangu 1854, lakini watu hawakumsikiliza. Mwaka 1892 ushahidi mkubwa ulipatikana katika mji wa Hamburg. Watu wa mji ule walikunywa maji ya mto Elbe bila ya kuchujwa, wakafa zaidi ya 8,000. Mji wa jirani, Altona, ulichuja maji ya mto ule ule kwa mchanga, nao uliponea chupuchupu. Anayekaa mahali penye watu wengi na visima vichache, kama baadhi yetu tukaavyo, hahitaji kuelezwa zaidi maana ya habari hii.

Kufikia hapo Koch alikuwa mtu mkubwa kupita wote katika elimu yake. Lakini kumjua adui si kumshinda. Wagonjwa wa kifua kikuu waliendelea kufa, na watu wote wakawa wanamtazama yeye wakingoja dawa. Mwaka 1890, katika mkutano mkubwa wa madaktari mjini Berlin, alitangaza kwamba amepata kitu kiwezacho kukizuia kijidudu kile ndani ya mwili wa simbilisi. Miezi michache baadaye akasema kwamba kitawafaa watu pia. Dawa ile iliitwa tuberkulini. Alikuwa amejidunga mwenyewe, akapata homa kali, lakini jinsi ilivyotengenezwa hakumwambia mtu.

Habari zikaenea duniani kwa simu za waya. Wagonjwa wakamiminika Berlin kwa maelfu, wengine wakiwa hawajiwezi, wakakodi kila chumba. Kila daktari alitaka chupa ya dawa ile. Lakini baada ya majuma machache mambo yakageuka. Wagonjwa wengine walipata homa kali, wengine wakazidiwa, wengine wakafa. Mwezi Januari 1891 Profesa Rudolf Virchow, aliyepasua maiti zao, alieleza kwamba ugonjwa haukuzuiwa, bali katika wengine ulikuwa umeenea mahali papya. Mwezi ule ule Koch alilazimika kueleza dawa yake ni kitu gani: ni maji yaliyotolewa katika vijidudu vya kifua kikuu vyenyewe, pamoja na gliserini. Haikuwa dawa ya kuponya.

Hapa ndipo msomaji hapana budi kusimama na kufikiri. Mtu yule yule aliyeweka masharti manne kabla ya kukitia kijidudu hatiani, hakuiwekea dawa yake mwenyewe masharti yoyote. Hakuwagawa wagonjwa makundi mawili ili kuwalinganisha waliopewa na wasiopewa. Hakungoja miezi ipite, naye ndiye aliyejua kungoja kuliko wote. Serikali ilimhimiza, wagonjwa walimlilia, na labda sifa nazo zilimvuta. Wahenga wamesema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Hata hivyo tuberkulini haikupotea. Mwaka 1907 Daktari Clemens von Pirquet wa Austria alionyesha kwamba ikitiwa kidogo katika ngozi, hutambulisha aliyekwisha kuambukizwa, na hata leo watoto na watu wengine hupimwa kwa njia iliyotokana nayo.

Mwaka 1891 Koch alijengewa taasisi yake ya magonjwa ya kuambukiza mjini Berlin. Mwaka 1893 aliachana na mkewe Emmy, akamwoa Hedwig Freiberg, binti aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, na watu wakanong'ona sana. Tangu hapo ile hamu yake ya utotoni ikarudi, akawa msafiri, na sehemu kubwa ya safari zake ilikuwa Afrika.

Mwishoni mwa 1896 alikwenda Kimberley, Afrika ya Kusini, kupambana na sotoka, ugonjwa uliokuwa umekwisha kuteketeza ng'ombe wa Ankole miaka michache kabla. Alionyesha kwamba nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka, ikidungwa katika ng'ombe mzima, huweza kumkinga. Kutoka huko alikwenda Bombay kuchunguza tauni, na mwaka 1897 akafika Dar es Salaam. Alipokuwa huko akaletewa habari za ugonjwa wa matezi uuao watu Kiziba, kaskazini ya Bukoba. Daktari Zupitza alitumwa kwenda, akampelekea Koch vielelezo, naye akatambua kwamba ni tauni yenyewe. Wenyeji wa Kiziba walikuwa na jina lao la ugonjwa huo, rubwunga, tena walikwisha kujua kwamba panya wakianza kufa ndani ya nyumba sharti watu wahame. Walikuwa na elimu yao kabla ya hadubini kufika.

Mwaka 1901, katika mkutano mjini London, Koch alisema neno jingine la haraka: kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari ya maana kwa watu, na hakuna haja ya kujisumbua kwa ajili ya maziwa. Wengi walishangaa. Serikali ya Uingereza ikachagua tume, nayo baada ya miaka 10 ya uchunguzi ikathibitisha kwamba watu, hasa watoto, huambukizwa kwa maziwa mabichi. Sisi tulio katika nchi ya maziwa tukumbuke: chemsha kwanza, hata kama ng'ombe anapendeza.

Mwaka 1905 alirudi tena Afrika ya Mashariki, na safari hii akafanya kazi nzuri sana. Katika njia za misafara kulikuwa na homa iliyomshika mtu siku chache, ikamwacha, kisha ikamrudia mara ya pili na ya tatu. Wenyeji waliiita homa ya papasi, maana walijua kwamba huletwa na papasi akaaye katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, atokaye usiku kuuma. Mwaka 1904 madaktari Ross na Milne hapa Uganda waliandika hayo hayo, na mwaka 1905 Dutton na Todd wakayathibitisha katika Kongo ya mashariki, ambako Dutton alikufa kwa homa ile. Koch, peke yake, alifika ukweli ule ule, akaongeza jambo: aliwakuta vijidudu ndani ya mayai ya papasi, yaani mama huwarithisha watoto wake. Kwa hiyo kibanda kinaweza kuwa na hatari hata kama hapakulala mgonjwa siku nyingi. Akawashauri wasafiri wapige hema mbali kidogo na vibanda vya zamani. Ushauri rahisi, usio na gharama, na wa kweli. Mwisho wa mwaka ule alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Mwaka 1906 ndipo alipokuja Sese. Malale yalikuwa yamezuka katika pwani za ziwa tangu mwanzo wa karne, na watu zaidi ya 200,000 walikufa Uganda katika miaka ile. Ugonjwa huu hauletwi na bakteria bali na kiumbe kingine kidogo kichukuliwacho na mbung'o, kama Daktari David Bruce alivyothibitisha mwaka 1903. Koch alianzia Mwanza, lakini kwa kuwa wagonjwa huko walikuwa wachache, Waingereza wakamruhusu aweke kambi katika kisiwa cha Bugala. Dawa aliyoijaribu iliitwa atoksili, nayo ina aseniki, ambayo ni sumu.

Mwanzoni ilikuwa kama muujiza. Aliwadunga wagonjwa nusu gramu siku 2 mfululizo, akarudia baada ya siku 10. Vimelea vikatoweka katika tezi za shingo, homa ikashuka, waliolala wakaamka. Habari zikavuka ziwa, na wagonjwa wakaja kwa mitumbwi, wengi wakibebwa, mpaka wakawa zaidi ya 1,000. Lakini miezi ilipopita vimelea vilirudi. Koch akaongeza kipimo mpaka gramu nzima. Ndipo wagonjwa wakaanza kulalamika maumivu ya tumbo na kizunguzungu, na macho yao yakaingia kiza. Watu 22 wakapofuka, wala hawakuona tena. Koch aliacha kile kipimo kikubwa, lakini wao walikwisha kulipa gharama.

Twajua jina la dawa, na jina la daktari, na idadi ya gramu. Majina ya wale 22 hayamo vitabuni. Walikuwa wavuvi na wakulima wa Sese na wa ng'ambo, waliokuja kwa hiari kwa kuwa walitaka kuishi, na hakuna aliyewaeleza kwamba walikuwa wakijaribiwa. Koch aliondoka mwaka 1907 akiwa bado anaisifu atoksili. Mwaka 1908 na 1909 Serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa Sese wote, na visiwa vikabaki mahame.

Daktari Robert Koch alikufa kwa ugonjwa wa moyo mjini Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamewekwa katika taasisi yake mjini Berlin.

Lakini kazi haikufa naye. Mwanafunzi wake Paul Ehrlich aliichunguza atoksili, akaibadilisha, na mwaka 1910 akatoa salvarsani, dawa iliyotibu kaswende na hata homa ya papasi. Dawa ya kifua kikuu ilingoja zaidi. Streptomaisini iligunduliwa Marekani mwaka 1943, na safari hii madaktari wa Uingereza hawakukimbilia kutangaza. Waliwachukua wagonjwa 107, wakawagawa kwa njia kama ya kura: 55 wakapewa dawa na kitanda, 52 wakapewa kitanda tu. Baada ya miezi 6 walikuwa wamekufa 4 katika kundi la kwanza, na 14 katika la pili. Huo ndio ushahidi ambao Koch alipaswa kuutafuta mwaka 1890. Hata hivyo ilionekana kwamba dawa moja peke yake hushindwa, maana vijidudu huizoea. Sharti ziunganishwe.

Na jambo la kututia moyo ni hili. Swali la mgonjwa atumie dawa kwa muda gani lilijibiwa kwa sehemu kubwa hapa kwetu. Zamani matibabu yalichukua mwaka na nusu au zaidi. Kuanzia mwaka 1970 wagonjwa wa Uganda, Kenya na Tanzania walishiriki katika majaribio yaliyofanywa kwa makundi ya kulinganishwa, na matokeo yaliyoanza kuchapishwa mwaka 1972 yalionyesha kwamba miezi 6 yatosha, ikiwa dawa zinazofaa zimeunganishwa. Dunia nzima ilifuata. Katika nchi zile zile ambako wale 22 walipoteza macho, watu wengine waliwapa walimwengu jibu la kweli. Na siku hizi katika mji wetu wa Mbarara kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia na kituo cha Epicentre, ambako uchunguzi wa kifua kikuu unaendelea. Na mgonjwa haingizwi katika jaribio lolote mpaka ameelezwa kwa lugha aijuayo, akakubali mwenyewe.

Kifua kikuu bado huua zaidi ya watu milioni moja kila mwaka duniani. Makohozi ya mgonjwa hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi, hutazamwa kwa hadubini, karibu kama vile Koch alivyofanya mwaka 1882. Anayekohoa majuma 2 na aende akapimwe. Na aliyepewa dawa za miezi 6 asiziache mwezi wa 2 kwa sababu amepata nafuu, maana kijidudu kile ni chenye subira kuliko sisi.

Basi tumheshimu Daktari Koch kwa yote mawili. Alipongoja na kuthibitisha, aliwaokoa watu wasiohesabika. Alipofanya haraka, jina lake kubwa halikuweza kuigeuza dawa mbaya kuwa njema. Wanafunzi mtakaokuwa madaktari na wauguzi, chukueni sheria yake, muitumie kwa kazi zenu wenyewe kwanza kabla ya kuitumia kwa kazi za wengine.